Betri ya Simu: Itoke kwa Mkono wa Mwenyewe, au Ibaki Imegandishwa?

Swali: Simu yangu ina miaka mitatu. Ikifika saa sita mchana chaji imekwisha, na mara nyingine inajizima ikiwa bado inaonyesha asilimia 20. Simu yangu ya zamani nilikuwa nafungua mgongo kwa ukucha, natoa betri, naweka nyingine. Hii ya sasa fundi anasema mpaka aipashe moto ndipo ifunguke. Je, simu zote hazipaswi kurudishiwa betri ya kutoa? Au watengenezaji wana sababu ya kweli? Na hii niliyo nayo niifanyeje?

Jibu: Ndugu msomaji, ndiyo, mwenye simu anapaswa kuweza kubadilisha betri yake. Ila neno "kubadilisha" lisituchanganye. Mgongo unaobanduka kwa ukucha ni njia mojawapo tu. Simu inayofunguka kwa bisibisi ya kawaida, ambayo betri yake haikugandishwa, inapatikana madukani kwa miaka mingi, na programu ya simu haiikatai ikiwekwa mpya, hiyo nayo inatosha kabisa. Simu yako imeshindwa kwenye gundi, na pengine kwenye mengine pia.

Tuanze na huko kujizima kwenye asilimia 20, maana ndiko kunakoonyesha kwa nini jambo hili lina uzito.

Betri ya simu ni seli ya lithiamu-ioni. Ndani yake mna karatasi ya shaba iliyopakwa grafiti na karatasi ya alumini iliyopakwa oksidi ya kobalti na lithiamu. Katikati pana utando wa plastiki wenye vitundu visivyoonekana kwa macho, na vyote vimelowa elektroliti, kimiminika kinachopitisha chaji. Kadiri unavyochaji, juu ya grafiti hujijenga tabaka jembamba linalomeza lithiamu kidogo kidogo. Hapo mambo mawili hutokea: ujazo wa betri hupungua, na ukinzani wake wa ndani, yaani nguvu ya kuzuia umeme usipite, hupanda. Wengi wanalijua la kwanza. La pili ndilo linalokuzimia simu.

Piga hesabu. Tuseme betri mpya ina ukinzani wa ohmu 0.1, na yako imeshafika 0.3. Ukifungua kamera na flashi ikawaka, simu inaweza kuvuta ampea 3 kwa kitambo kifupi. Kwenye betri mpya, volti zinazopotea ndani ni 3 mara 0.1, yaani 0.3. Kwenye yako ni 0.9. Betri iliyobakiwa na asilimia 20 huwa na volti kama 3.7 ikiwa imetulia. Ile mpya itashuka hadi 3.4 na simu itaendelea na kazi. Yako itaporomoka hadi 2.8, chini ya kiwango ambacho simu inaweza kuvumilia, na itajizima papo hapo. Ukiichomeka kwenye chaja inawaka na kukuambia ina asilimia 18. Haikukudanganya: chaji ilikuwemo, ila haikuweza kutoka kwa kasi iliyotakiwa. Baridi hupandisha ukinzani zaidi, ndiyo maana simu kuukuu hujizima hovyo pakiwa na baridi.

Mwezi Desemba 2017 kampuni ya Apple ilikiri kwamba programu zake zilikuwa zikipunguza kasi ya iPhone za zamani ili zisijizime kwa namna hii hii. Ikashusha bei ya kubadilishiwa betri hadi dola 29, na waliobadilisha wakaona simu zao zikirudia kasi yake. Fikiria ni watu wangapi walikuwa wameshanunua simu nyingine wakidhani ile ya kwanza imechoka, kumbe kilichochoka ni betri peke yake.

Betri ni kifaa cha kulika, kama tairi. Kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika tarehe 20 Juni 2025 zinataka betri ya simu ibakiwe na angalau asilimia 80 ya ujazo wake baada ya mizunguko 800 ya kuchaji. Mzunguko mmoja ni asilimia 100 iliyotumika, hata kama ni nusu leo na nusu kesho. Anayemaliza mzunguko mmoja kila siku atafika 800 baada ya miaka miwili na miezi kama miwili. Wakati huohuo Google tangu Pixel 8 ya mwaka 2023, na Samsung tangu Galaxy S24 ya mwaka 2024, wanaahidi masasisho ya programu kwa miaka saba. Simu ya miaka saba yenye betri ya miaka mitatu itahitaji betri mpya mara moja, pengine mara mbili. Kifaa kinachojulikana tangu siku ya kwanza kwamba kitabadilishwa hakina sababu ya kufungwa kama vile hakitaguswa milele.

Hoja za watengenezaji

Wana hoja, na zisipuuzwe. Ya kwanza ni nafasi. Betri inayoshikwashikwa na mtu mfukoni au kwenye mkoba inahitaji ganda gumu, kwa sababu seli yenyewe imefungwa kwenye mfuko laini wa alumini na plastiki ambao hata funguo inaweza kuutoboa. Tuseme ganda lina milimita 0.4 kila upande, na nafasi ya betri ndani ya simu ni milimita 5. Ganda peke yake linakula 0.8, yaani asilimia 16 ya unene ambao ungebeba chaji. Ongeza chumba cha kuitenga betri na saketi, pamoja na pini za kugusana. Hoja hii ni ya kweli. Lakini itazame vizuri: inapinga ganda gumu tu. Haisemi lolote dhidi ya seli laini iliyolala ndani ya simu, nyuma ya mfuniko wenye skrubu, bila gundi.

Ya pili ni maji, na hii hutiwa chumvi mno. Galaxy S5 ya mwaka 2014 ilikuwa na mgongo wa kubandua kwa ukucha, betri ya kutoa yenye ujazo wa 2,800 mAh, na kiwango cha IP67, yaani kukaa kwenye kina cha mita moja ya maji kwa dakika 30. Galaxy XCover6 Pro ya mwaka 2022 ina betri ya kutoa ya 4,050 mAh na kiwango cha IP68, kinachozidi hicho. Inawezekana, basi. Gharama yake ni kwamba mzigo wa uangalifu unahamia kwa mwenye simu. Mzunguko wa raba ulio ndani ya mgongo lazima uwe safi na ubanwe sawasawa pande zote. Unywele mmoja au punje ya mchanga ikilala juu yake, maji yamepata mlango. Ila hata simu ya gundi haina kinga ya kudumu. Kiwango cha IP hupimwa kwa simu mpya na maji yasiyo na chumvi. Baada ya kuanguka mara mbili tatu, au kufunguliwa mara moja tu, hakuna anayeweza kukuhakikishia.

Ya tatu ni usalama, na hapo mimi naona ushahidi unaelemea upande wa betri inayotoka. Agosti 2007 Nokia ilitangaza kwamba betri za BL-5C zipatazo milioni 46, zilizotengenezwa na Matsushita, zingeweza kupata joto kupita kiasi wakati wa kuchajiwa. Mwenye simu alitakiwa kufungua mgongo, kutoa betri, kusoma namba iliyoandikwa juu yake, na kama imo kwenye kundi baya atumiwe nyingine. Simu ilibaki mkononi mwake. Mwaka 2016 Galaxy Note 7 zilipoanza kuwaka moto kwa hitilafu za betri, ilibidi simu nzima zirudishwe, zaidi ya milioni mbili, na mwishowe modeli yenyewe ikaondolewa sokoni. Haki isemwe: hata simu za kubadilishia ziliwaka, zikiwa na betri za mtengenezaji mwingine, kwa hiyo kutoa betri peke yake kusingemaliza tatizo lote. Lakini kosa lililokaa ndani ya kipande kimoja liliangusha simu nzima.

Hatari halisi ya betri za kutoa ni betri feki, na nitaifikia hapa chini kwa sababu inakuhusu hata wewe.

Sheria inaelekea wapi

Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1542 inasema kwamba kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri za vifaa vya kubebeka ziwe zinaweza kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe: kwa zana zinazopatikana madukani, bila kuhitaji joto wala kemikali ya kuyeyushia gundi, na kama inahitajika zana maalumu, iambatane na kifaa bure. Ile ya simu niliyoitaja juu, namba 2023/1670, imeacha mwanya. Mtengenezaji anaweza kuendelea kuifunga betri kwa mtumiaji ikiwa itabakiwa na asilimia 83 baada ya mizunguko 500 na asilimia 80 baada ya 1,000, na simu iwe inahimili maji kwa kina cha mita moja kwa nusu saa. Kwa hiyo usitarajie simu zote zianze kufunguka kwa ukucha.

Mwanya huo naelewa ulikotoka, lakini siuafiki. Mizunguko 1,000 hupimwa maabara, kwenye joto lililodhibitiwa. Haihesabu simu iliyoachwa juu ya dashibodi ya gari juani, wala iliyolaliwa ikiwa kwenye chaja chini ya mto, wala betri iliyovimba kwa kosa la kiwandani ikiwa na mwaka mmoja. Mwenye betri ya namna hiyo hahitaji uhimilivu wa kwenye karatasi. Anahitaji kuitoa.

Ukinunua simu nyingine

Usimuulize muuzaji kama betri "inatoka". Uliza, au tafuta kwenye intaneti video ya kuifungua modeli hiyo, ujue betri imeshikiliwa na nini. Bora kabisa ni iliyowekwa bila gundi, kama simu ya Fairphone 5 ya mwaka 2023, ambayo betri yake huinuliwa kwa vidole bila zana. Inayofuata ni yenye mikanda ya kuvuta: utepe mweupe wa gundi uliopita chini ya betri, wenye ulimi mdogo unaochomoza pembeni. Unaushika ulimi, unauvuta taratibu ukiwa umelala karibu sambamba na simu, nao unarefuka na kubanduka wenyewe. Ukiuvuta kwa pupa au kwa kuunyanyua juu, unakatika, na hapo unarudi kwenye spiriti na subira. iPhone 16 ya mwaka 2024 ilileta gundi inayoachia kwa umeme: unaunganisha betri ya volti 9 kwa dakika moja na nusu hivi na gundi inalegea. Inayoniudhi ni betri iliyobandikwa kwa gundi ya kudumu kwenye fremu, bila ulimi wala mpini wowote wa kuinulia.

Jambo la pili la kuuliza ni programu. Baadhi ya simu hutambua namba ya utambulisho iliyomo kwenye saketi ya betri. Ukiweka nyingine, hata nzuri, zinakuonya kwamba kipande hakitambuliki na kuacha kukuonyesha hali ya betri. Skrubu unaweza kuzishinda kwa bisibisi. Kufuli la programu huwezi.

Na hii uliyo nayo

Kwanza iangalie umbo. Ilaze juu ya kioo cha meza kifudifudi. Ikiwa inayumba kama bembea, au skrini imeinuka ukingoni kiasi cha kuona mwanga, au mgongo umeachia, betri imevimba kwa gesi ya elektroliti iliyooza. Usiichaji tena hata mara moja, usiibonyeze irudi, na usijaribu kuifungua mwenyewe. Mpelekee fundi ikiwa imezimwa.

Kama haijavimba, tazama kwenye mipangilio ya simu sehemu ya betri. Ikiwa uwezo wake uko chini ya asilimia 80, pamoja na dalili ulizozieleza, betri ndiyo mgonjwa. Ikiwa iko juu ya 90, kagua kwanza ni programu ipi inayokula chaji kabla hujalipia chochote.

Kisha kagua betri utakayowekewa, kabla simu haijafunguliwa. Namba ya modeli ya betri ifanane herufi kwa herufi na ile ya simu yako. Soma volti ya mwisho ya kuchaji: simu nyingi za sasa huchaji hadi volti 4.4 au zaidi kidogo, na seli ya zamani iliyotengenezwa kwa 4.35 ikiwekwa humo itakuwa inajazwa kupita kiasi kila siku. Fanya pia hesabu ya lebo. Chukua mAh, gawa kwa 1,000, zidisha kwa volti ya kawaida. Jibu lazima lilingane na Wh (wati-saa) zilizoandikwa. 5,000 mAh mara volti 3.87 ni Wh 19.35. Lebo inayosema 5,000 mAh na Wh 15 inajipinga yenyewe. Uzito nao husema: seli ya ujazo huo huwa na gramu 70 hivi, ikiwa na 50, ndani hamna kilichoandikwa nje. Angalia tarehe ya kutengenezwa, maana betri huzeeka hata ikiwa rafuni. Iliyokaa zaidi ya miaka miwili iache. Fundi aipime kwa mita: volti 3.7 hadi 3.9 ni dalili njema, chini ya 3 ikatae.

Wakati wa kazi yenyewe, haya ndiyo ya kuyaangalia, iwe unafanya mwenyewe au umesimama pembeni. Simu iwe na chaji chini ya asilimia 25 na imezimwa, kwa sababu seli iliyojaa ikitobolewa huwaka vibaya kuliko iliyokaribia kuisha. Trei ya laini itolewe, la sivyo inaweza kuvunjika au kuzuia fremu kutoka. Joto la ukingoni liwe nyuzi 60 hadi 70, kwa dakika mbili tatu, upande mmoja baada ya mwingine. Linapozidi 80 unaichoma betri na skrini pamoja. Kifyonzi kikiinua mwanya, kinachoingizwa ni kipande chembamba cha plastiki, kisizidi milimita 3 kwenda ndani, kwa sababu nyaya bapa ambazo mafundi huziita fleksi hupita karibu na ukingo. Fleksi ya kitufe cha kuwashia inaweza kukatwa kwa pupa ya dakika hii.

Skrubu zipangwe juu ya karatasi kwa mpangilio ule ule zilivyotoka. Zinafanana kwa macho lakini hutofautiana urefu kwa sehemu ndogo ya milimita, na ndefu ikirudishwa kwenye tundu la fupi inatoboa njia za umeme ndani ya ubao wa saketi. Simu inakufa kwa skrubu yake yenyewe. Cha kwanza kutenganishwa kiwe konekta ya betri, kwa ncha ya plastiki, kabla ya fleksi nyingine yoyote.

Gundi ya chini ya betri ikigoma, dondoshea spiriti ya aisopropili ya asilimia 90 au zaidi kwenye ukingo wa betri, inamisha simu iingie chini, subiri dakika tatu, kisha ingiza kadi ya plastiki na usukume polepole. Rudia kadiri itakavyohitajika. Bisibisi ya chuma isiingie chini ya betri asilani, na betri isikunjwe kama kijiko: ule utando wa katikati ukichanika, shaba na alumini zinagusana, na moto unaanzia ndani ambako hakuna anayeuona. Ukisikia harufu tamu kama ya rangi ya kucha, elektroliti inavuja. Acha kazi, toa simu nje penye hewa.

Betri mpya ijaribiwe kabla ya kugandisha chochote: iunganishwe, simu iwashwe, chaja ichomekwe, ionekane inapanda. Itakapolazwa mahali pake, isikandamizwe na waya wala skrubu iliyosahaulika chini. Gundi kuukuu ya mgongo isafishwe yote, iwekwe gasketi (utepe wa kuzibia ukingo) mpya ya modeli hiyo, kisha mgongo ukandamizwe kwa uzito wa vitabu viwili vitatu kwa saa nzima. Baada ya hapo ihesabu simu yako kuwa haina tena kinga ya maji, hata kama fundi ameweka gasketi halisi.

Siku ya kwanza ichaji hadi 100 na uiache kwenye chaja saa moja zaidi. Itumie hadi ijizime, kisha ijaze tena bila kukatiza. Hii haiifanyi betri iwe bora. Inaifundisha simu kusoma ujazo mpya, kwa sababu kipimo chake bado kinakumbuka betri ya zamani. Mara moja inatosha. Baadaye ukiizoesha kati ya asilimia 20 na 80, na usiichaji ikiwa ya moto, itadumu zaidi.

Ile kuukuu usiitie kwenye pipa la taka wala motoni. Funika pini zake kwa selotepu, uipeleke panapokusanywa taka za kielektroniki. Ikiwa imevimba, ilaze ndani ya mchanga mkavu kwenye kopo la chuma, mfuniko ukae juu bila kubana, na kopo likae nje ya nyumba mpaka siku ya kuipeleka.